Siku Jogoo Alipowika Bila Sauti

Upendo mama,

Jogoo wetu anawika. Wewe unajua hilo tangu utotoni, mama yako anajua, kijiji kizima cha Akheri kinajua. Mimi nimejua wiki hii, na mpaka sasa ninavyoandika bado sijapoa.

Umekwenda Kimandolu kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua yule dada yangu, hakuachii mpaka ule, ufungashiwe, halafu ule tena. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa juu ya gunia la pumba hapa mashineni, kalamu nimeichomoa kwenye Biblia ya mama yako, naye yuko ndani anapiga pasi, hajui. Ukikuta unga kwenye karatasi hii, pulizia. Ukikuta oili, vumilia, ndiyo manukato ya baba yako.

Sitakwambia uvae sweta. Mama yako amekwisha kusokomeza masweta mpaka zipu ya begi imekata tamaa. Sitakwambia usali wala uchague marafiki wazuri; hayo utaambiwa kesho na kila atakayepanda gari kukusindikiza uwanja wa ndege, KIA, na wewe itikia tu, wafurahi. Mimi nina jambo moja. Mama yako ameniambia unasema safari haina maana tena, kwamba utapanda ndege kwa sababu tu tiketi imeshakatwa, na kwamba ukifika huko Ujerumani utaomba masomo mengine, yoyote, isipokuwa ya gia za mashine. Yote hayo tangu siku ile niliyochomoa waya wako. Sasa kaa nikueleze kilichotokea, maana ulichokiona wewe ni mkia tu. Mnyama mwenyewe alikuwa ndani ya shati langu.

Mashine yangu unaijua, lakini ngoja nikusimulie upya, maana huko utaulizwa na Wajerumani na utaona aibu kusema kweli. Waambie baba yako hakununua mashine, aliizaa. Jiwe la kusagia lilitoka kwa mzee mmoja wa Usa River aliyekuwa amechoka nalo, mota ya umeme nilibadilishana na ndama, na katikati nikaweka giaboksi ya lori kuukuu lililofia kwenye shamba la kahawa. Mafundi wa mjini walicheka. Walisema giaboksi ya lori haisagi mahindi. Ikasaga. Ila ililia. Meno ya gia zake yalikuwa yamelika kila moja kwa upande wake, kama ya mzee aliyetafuna miwa maisha yote, na yalipokutana yalipiga yowe lililofika ng'ambo ya mto. Hapa hakuna aliyewahi kuuliza kama mashine imefunguliwa.

Na yowe lile nililipenda, sikufichi. Mimi ni mtu niliyefukuzwa shule darasa la sita kwa kumfunga mbuzi kwenye kamba ya kengele. Mbuzi anakula majani, kengele inalia, wanafunzi wanatoka, mwalimu anawarudisha, mbuzi anasogea, kengele inalia. Mtu wa namna hiyo ukimpa mashine inayoweza kunyamazisha kijiji, umempa ufalme. Ndani ya chumba hiki hakuna aliyeweza kunibishia. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kulalamika, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka na dona yake.

Ndiyo maana humu hatuongei kwa mdomo. Vidole vikisuguana, unga laini. Ngumi, zima mashine. Na shikamoo ya humu haisemwi: mtoto anaingia, anainamisha kichwa, mimi naweka kiganja. Hiyo ndiyo marahaba ya mashineni. Watoto wote wa upande huu wamewahi kurudi nyumbani na alama ya vidole vyeupe utosini. Wewe ulizikusanya kuliko wote. Ulikuwa unatoka mlango huu, unazunguka nyuma, unaingia tena na kichwa umekiinamisha, kama vile ndiyo kwanza tumeonana leo. Na mimi najifanya sikukuona mwanzo.

Haya, njoo kwenye ile siku.

Ulirudi na boksi lako la chuo. Ukabandika kidude kidogo kama kifungo cha koti ubavuni mwa giaboksi, pale kwenye beringi. Ukafunga kingine kikubwa kama ngumi upande wa pili, nyaya zote zikaingia kwenye kompyuta isiyozidi kipande cha sabuni. Mimi nimesimama na spana yangu, nasubiri ukosee. Mashine ilikuwa imezimwa, na wewe ulinisogelea, ukaongea kwa ile sauti yako ya mashineni inayoweza kuita ng'ombe kutoka mlimani, kwa hiyo nilikusikia vizuri.

"Hiki kidogo kinafanya nini?"

"Kinasikiliza mtetemo, baba."

"Na hiki kikubwa?"

"Kinajibu. Meno yakigongana, gia inasukuma huku. Hiki kinasukuma kule, wakati huohuo, kwa nguvu ileile. Vinauana."

"Kwa hiyo wewe, mtoto wa chuo, unatibu kelele kwa kuongeza kelele."

"Kwa wakati wake, baba. Ikichelewa kidogo tu, ndipo inaongeza."

"Na ikikosea?"

"Itakosea. Mzunguko wa kwanza itakosea, wa pili itakosea kidogo. Jino lililokupita si linazunguka? Linarudi tena. Inajifunza."

Nikakwambia hiyo ni sawasawa na mimi na mama yako, ila sisi bado tuko mzunguko wa kwanza. Ukacheka. Ukawasha.

Mama, mimi nimeona mambo. Nimeona tembo akitoka msituni, akala migomba ya mchungaji yote na kuacha yangu. Lakini sijawahi kushtuka kama vile. Mashine ilianza na yowe lake lilelile. Halafu yowe likayumba, kama linatafuta njia, likapanda, likashuka, likaondoka. Halikupungua, liliondoka! Jiwe likabaki linasaga, mota inavuma chini kwa chini, mahindi yanashuka. Sakafu iliyonitikisa magoti miaka yote ikatulia. Nilidhani shafti imekatika. Nikaweka kiganja juu ya giaboksi: inazunguka, ina joto lake la kawaida, lakini imetulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Hata meno yangu mwenyewe kinywani yaliacha kutetemeka, na hapo ndipo nikajua kumbe yalikuwa yanatetemeka.

Nikapiga kelele, "Umeiua!"

Nilipogeuka nikaona mgongo wako unatoka nje. Nikadhani umekwenda kuita watu waje kushangaa.

Watu walikuja kweli. Na hapo nikagundua kwamba wamenifanyia njama.

Mama Lilian, jirani yetu wa bondeni, aliingia na debe lake. Unamjua, maneno yake hutangulia kufika. Akasimama mlangoni, akatazama mashine, akanitazama mimi, akaanza kusogeza midomo. Hakuna kitu. Midomo inakwenda, mikono inakwenda, sauti hakuna. Nyuma yake mzee Elia, fundi baiskeli, naye midomo. Wanatazamana, wanaitikiana, mabega yanacheka. Sauti hakuna.

Nikasema moyoni, wamenipata hawa. Miaka yote nimewatania: Mama Lilian nilimwekea chura kwenye debe, mzee Elia nilimshawishi kwamba serikali inakuja kupima ndevu, akanyoa. Leo wamelipa. Wamesikia mashine itanyamaza, wakakubaliana waigize wanaongea. Karibu niwavulie kofia. Utani wa kiwango changu kabisa! Basi na mimi nikaingia mchezoni, nikaanza kusogeza midomo bila kutoa sauti. Nikamhubiria Mama Lilian mahubiri mazima bila neno hata moja, nikapunga mikono, nikamnyooshea kidole, nikamalizia na baraka.

Hakucheka. Alilikumbatia debe lake kama mtu aliyekutana na mgonjwa njiani. Mjukuu wake, yule mdogo, akaja mbele yangu, midomo ikaenda kidogo tu, akasubiri. Nikamjibu kwa midomo mitupu. Mtoto akamtazama bibi yake. Sasa ndiyo naelewa: alinipa shikamoo, kwa mdomo, maana kwa mara ya kwanza humu ndani nafasi ya kuisema ilikuwepo. Mtoto wa watu akatoka bila marahaba na bila unga kichwani.

Bado nilikuwa nacheka ndani kwa ndani. Ndipo jogoo akapanda ukutani.

Yule mwekundu, mwenye kiburi. Alipanda ukuta wa zizi, pale nje ya mlango. Akapiga mabawa. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo, manyoya ya kooni yakasimama, akatikisika mwili mzima mpaka kilemba kikalala upande.

Sauti hakuna.

Upendo, binadamu unaweza kuwapanga. Jogoo humpangi. Jogoo hajui utani.

Nilisimama pale, nikamtazama akiwika tena, na tena, na kila alipofungua mdomo ilikuwa kama mtu ananivua nguo mbele ya wateja. Mawazo yakaanza kuja, moja linamburuta mwenzake. Kumbe ndiyo maana nilikuwa nasema majogoo wa siku hizi wavivu. Kumbe zile redio nilizokuwa narudisha dukani, moja baada ya nyingine, na kumtukana mwenye duka, zilikuwa nzima. Kumbe mchungaji hajaishiwa sauti. Kumbe watu walikuwa wananipigia kelele si kwa sababu ya mashine!

Nikachomoa waya. Sikufikiri, mama. Nilitaka yowe langu lirudi, kama mtoto anavyotaka blanketi. Likarudi, sakafu ikatetemeka, na papo hapo Mama Lilian akasugua vidole: laini. Nikamwelewa! Mzee Elia akanyanyua mkono, nikanyanyua wangu. Nikawa mfalme tena. Ndani ya kelele sote tulikuwa viziwi, hakuna aliyemzidi mwenzake. Ukimya wako ndio ulionitenga na kuniweka peke yangu.

Ukaja mbio. Ukaona waya mkononi mwangu. Nami nikakupayukia mbele ya watu, "Mashine yangu siyo maiti! Usiifunge mdomo!" Midomo yako ikaenda. Sikujua inasema nini, na kwa sababu sikujua, nikaongeza sauti. Ukajibu, nikaongeza. Kila nilichokirusha kilifika kwa wakati usio wake, na kikaongeza.

Jana asubuhi nikamfuata mama yako jikoni. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia, "Mama Upendo, kaa chini usije ukaanguka. Nadhani sisikii vizuri."

Akaniangalia. Akaweka kisu. Akazunguka meza mpaka upande wangu wa kulia, akaniwekea mdomo sikioni.

"Wewe ndiyo unajua leo?"

"Kwani wewe ulijua lini?"

"Baba Upendo, nimehamia upande wa kulia wa kitanda tangu mtoto akiwa shule ya msingi. Ulidhani napenda ukuta?"

Nikakaa mimi badala yake.

"Na kanisani?"

"Kanisani watu wanamaliza wimbo, wewe unabaki na ubeti wako. Mwalimu wa kwaya anasema unatoa ushuhuda."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Tulikwambia," akasema. "Hukusikia."

Nilitaka kucheka, nikaacha. Maana hakuishia hapo. Alinishika bega, akaniambia kwamba wewe ulijua tangu sekondari. Kwamba habari ya gia hukuipenda kwa sababu ya gia. Ulimwambia unataka kujifunza kulizima lile yowe kabla masikio ya baba hayajaisha, na ukamkataza asiniambie nisije nikaaibika. Na kwamba siku ile yowe lilipoondoka, ulisimama nyuma yangu, hapa hapa ninapoandikia, ukasema, "Shikamoo baba." Kwa mdomo, kwa sauti ya kawaida ya mtu na baba yake. Mara ya kwanza katika chumba hiki. Mimi nikapiga kelele "Umeiua", nimekupa mgongo. Ukasema tena. Kisha ukatoka nje, ukamwambia mama yako neno moja: "Nimechelewa."

Mimi niliyedhani umenuna kwa sababu ya waya! Nimekaa na neno lako hilo tangu jana, halikai vizuri popote nikiliweka.

Sasa nisikilize wewe, maana mimi siwezi.

Hukuchelewa. Hukuwa hata umezaliwa nilipoifunga giaboksi ile. Fundi aliyenisaidia aliniambia niwe naweka pamba masikioni, nikamjibu pamba wanawekewa maiti, watu wakacheka, na mimi nikicheza na watu wanaocheka sijui kuacha. Masikio niliyachezea mwenyewe. Kama utatoa sweta moja kwenye lile begi, basi weka hili mahali pake: baba yako alipenda mahali ambapo hakuna anayeweza kumjibu. Ni mahali patamu, mama, usione. Unashinda kila ubishi. Wenyeviti wanaondoka na dona yao. Na huko unakokwenda kusoma, kwa jinsi ulivyo na akili na kwa jinsi ulivyonirithi, utapewa mahali kama hapo siku moja, ofisi au cheo, watu wakunyamazie. Mimi nitafurahi sana, nitaringa Akheri nzima. Ila chungulia nje mara kwa mara, uone kama jogoo anasikika.

Hilo la kusema utaacha gia, nakukatalia kama mzazi na kama mteja. Kuna baba za watu kwenye mashine za kusaga kule Terrat, na kwenye mashine za mbao, na gereji zote za mji huu, wanapiga kelele kama nilivyopiga mimi, na bado wanawasikia majogoo. Hao hawajapita. Wewe mwenyewe uliniambia jino lililokupita linarudi tena. Sasa unataka kunifanya mimi jino la mwisho? Mimi ni mzunguko wa kwanza tu, mama. Ule wa kukosea.

Waya nimeurudisha. Leo, ulipoondoka tu. Kile kidude cha kusikiliza nilikuwa nimekibandua kwa hasira, kwa hiyo nikakibandika kwa akili zangu, upande niliouona unapendeza. Mashine ilipiga yowe maradufu, kuku wakapanda juu ya bati, na hilo nililisikia, nakuhakikishia. Nikazima, nikatafuta alama ya gundi yako, nikakirudisha palepale. Ikayumba, ikatafuta, ikatulia. Nikakaa nayo. Ni kimya cha kutisha, mama. Nilishika ukuta.

Mama Lilian alipokuja nikamwambia, "Mama Lilian, mimi ni kiziwi." Nadhani nilisema kwa nguvu kidogo, maana aliruka. Kisha akafanya kitu: akaweka debe chini, akasugua vidole, polepole, huku mashine imetulia na kila mtu mwingine humu angeweza kusema kwa mdomo. Mzee Elia naye mkono juu. Mjukuu akaja, nikamwita kwa kidole, akainamisha kichwa. Nikampa deni lake na nyongeza. Amerudi kwao mweupe mpaka shingoni. Nitazoea. Wao wameshazoea, ni mimi tu niliyebaki nyuma.

Kitu kingine, na hiki nakiri kimenishtua upya nilipokikumbuka leo. Usinipigie simu. Tangu ulipoanza chuo, kila ukipiga nasema "sawasawa, hapa salama, hongera." Mama yako anasema siku ile ulipopiga kuniambia umelazwa na malaria, nilikujibu hongera. Na hukunikasirikia! Ulidhani natania. Kwa hiyo andika. Andika kwa herufi kubwa, macho bado ni yangu.

Kesho pale KIA kuna mlango wa kioo. Wasindikizaji wanabaki huku, msafiri anakwenda kule. Nimeshaona watu wakiagana pale: kina mama wanaongea na kioo, kina baba wanapaza sauti, na yule wa ndani anashika sikio, anatikisa kichwa, hasikii. Kesho pale wote watakuwa kama mimi. Mama yako atasogeza midomo, shangazi yako atasogeza midomo na mikono. Wewe usihangaike kuisoma. Sogea mpaka kwenye kioo, uinamishe kichwa. Mimi nitakuja na unga mfukoni. Nitaweka kiganja upande wangu.

Askari atakuja kuniuliza kwa nini nachafua kioo cha watu. Sitamsikia.

Hiyo ndiyo marahaba yako ya siku ile. Imechelewa mzunguko mmoja tu.

Baba yako wa mashineni